Pasi Inayokaa Kando ya Cherehani

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, na ninyi wageni wetu mnaoanza kushona mwaka huu, hamjambo?

Nimepewa nusu saa niizungumzie pasi. Nilipomwambia mwanangu alicheka. "Mama, pasi ina nini cha kuzungumziwa nusu saa nzima? Si inachomekwa tu?" Nikamjibu kwamba ningepewa saa mbili ningezijaza. Hebu jihesabieni wenyewe. Siku ukishona blauzi yenye kola na mikono, unainuka mara ngapi kutoka kwenye cherehani kwenda kwenye pasi? Anayeunga vipande vya mfarishi, lile tandiko la kitanda la vipande vingi vya kitambaa, ndiye zaidi: anashona mshono wa sekunde kumi, anainuka, anakandamiza, anarudi kukaa, anainuka tena. Cherehani tunaichagua kwa wiki tatu. Tunauliza huku na kule, tunakwenda kuijaribu, tunasikiliza mlio wake, tunaondoka, tunarudi tena. Pasi je? Tunachukua yenye rangi nzuri, au tunarithi ile ya nyumbani iliyokwisha kuchoka na mashuka.

Mimi nasema tumeikosea heshima, nayo inatulipa kwa namna yake.

Kiswahili chetu kinatumia neno moja, "kupiga pasi", kwa kazi mbili zilizo mbalimbali, na nadhani makosa mengi yanaingilia hapo. Kazi ya kwanza ni kunyoosha. Shati limefuliwa, limekauka, limejaa mikunjo. Unaisukuma pasi mbele na nyuma mpaka linyooke. Shati hilo limekwisha kushonwa, mishono inalishikilia kila upande, hata ukilivuta halina pa kwenda. Kazi ya pili nitaiita kukandamiza. Hapa nguo haijawa nguo bado, ni vipande. Unaishusha pasi juu ya mshono, unaiacha itulie kidogo, unaiinua, unaishusha mahali pengine. Haitelezi hata kidogo. Mkono uliozoea mashuka ukiuleta kwenye vipande vibichi, utaviharibu kabla cherehani haijavigusa.

Nimekuja na vipande viwili, naomba vipitishwe mkono kwa mkono. Jana usiku nilivikata kwenye pamba moja nyeupe, vyote kwa mshazari, upana inchi 2, urefu inchi 10. Kile chenye alama ya uzi mwekundu nilikikandamiza: shusha, inua, shusha, inua. Chenye uzi wa buluu nilikipiga kama ninavyopiga shuka, mbele na nyuma, tena na mvuke juu yake. Vipangeni pamoja mwone. Cha buluu kimemzidi mwenzake zaidi ya robo inchi, na hapo katikati kimekonda kama kiuno cha nyigu. Hakuna aliyekivuta kwa mkono. Ni pasi tu.

Sababu mnaijua. Nyuzi za kitambaa zinapita wima na ulalo. Ukivuta kufuata uzi, uzi wenyewe unakataa. Ukivuta kwa mshazari hakuna uzi wa kukataa, vile vijisanduku vidogo vya nyuzi vinalala upande, kitambaa kinarefuka na kukonda. Ukiongeza joto na unyevu, kinakubali umbo jipya na kubaki nalo. Shingo ya gauni ni mshazari. Kwapa ni mshazari. Kila pembetatu kwenye mfarishi ina upande mmoja wa mshazari angalau.

Sasa mtu ataniambia, robo inchi ni nini? Kwa sketi pana labda utaimeza kwenye pindo. Kwa mfarishi, robo inchi ndiyo nafasi yenyewe ya mshono, umekwisha kuila yote. Tuseme safu yako ina vipande 12, na kila kimoja kimeongezeka milimita moja tu, kitu ambacho jicho halikioni. Safu imetoka na ziada ya milimita 12. Safu ya chini yake uliikandamiza vizuri, haikuongezeka. Zinaunganaje hizo? Unazibembeleza kwa pini, unavuta huku, unasukuma kule, mwisho mfarishi unalala kitandani una mawimbi. Halafu tunailaumu cherehani, tunaipeleka kwa fundi akaze hiki na kile.

Kwa hiyo ninaponunua pasi ya kazi yetu siulizi kama inateleza vizuri. Kuteleza ni sifa ya pasi ya kunyoosha. Nauliza mambo mengine, na la kwanza ni ncha.

Zamani pasi ilikuwa kipande cha chuma kizito kinachowekwa jikoni kipate moto. Mpini wake ulikuwa wa chuma hicho hicho, kwa hiyo ulishikwa na kitambaa, na bado mkono uliungua. Mwaka 1871 mwanamke wa mji wa Ottumwa, jimbo la Iowa kule Marekani, Mary Florence Potts, alipata hataza ya pasi yenye mpini wa mbao unaochomoka. Mpini mmoja unatumikia pasi kadhaa: moja unafanya nayo kazi, nyingine ziko motoni. Ikipoa unaiacha jikoni, unachomoa mpini, unauvika nyingine. Watu wanamkumbuka kwa mpini huo. Mimi ninampendea jambo jingine: pasi yake ilikuwa na ncha mbele na ncha nyuma, ikaingia kwenye pembe kutoka pande zote mbili bila kugeuzwa. Huyo ni mtu aliyewahi kukandamiza kola. Umeme ulikuja muda mfupi baadaye. Mwaka 1882 Henry Seely wa New York akapata hataza ya pasi ya umeme, na tangu hapo pasi imeongezewa mengi. Ncha ya nyuma ndiyo iliyopotea. Siku hizi inaonekana kwenye pasi chache, na ukiikuta, iangalie mara mbili kabla hujaipita.

Ncha ya mbele pia imenenepa. Pasi nyingi za sasa zina pua ya duara, maana pua ya duara haikwami kwenye shuka. Lakini wewe unataka kupasua mshono wa robo inchi, uulaze kushoto na kulia, bila kugusa kilicho pembeni. Unataka kuingia ndani ya kafu. Unataka kufika kwenye pembe ya kola pale vitambaa vinne vinapokutana. Ukienda kununua, chukua kipande chako chenye mshono usiopasuliwa, weka ncha ya pasi ikiwa baridi vilevile juu ya mstari wa mshono, uone inakaaje. Kama ncha inafunika mshono wote usione unachofanya, irudishe rafuni. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae.

Baada ya ncha nauliza uzito. Hapa najua tutabishana, maana wengine mna mabega yanayouma. Pasi nyepesi inapendeza dukani, ukiinua unasema ahaa. Lakini kukandamiza ni kazi ya uzito. Pasi ikiwa nyepesi, utaulipa ule uzito kwa mkono wako, unaegemea mpaka kifundo kinauma. Pasi nzito inaegemea yenyewe, tena bamba nene, yaani ule uso wa chini wa pasi, haliibiwi joto haraka na kitambaa cha baridi. Mwenye bega bovu simlazimishi. Achukue ya wastani, na meza aishushe iwe chini kidogo ya kiwiko, asiwe anainua mkono kila mara.

Tuje kwenye mvuke, ambako nina kovu.

Miaka mingi iliyopita nilishona gauni jeupe la satini. Pasi ilikuwa mpya, na boksi lake lilijisifu kwa idadi ya matundu ya mvuke kana kwamba tunanunua chujio. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nilikuwa kijana, nikaamini boksi. Gauni lilikuwa limebaki kiunoni tu, mshono mmoja upande wa mbele. Satini ile ilikuwa ya poliesta, kwa hiyo nikashusha joto hadi doti moja, ile alama ya joto la chini kabisa, ili isiyeyuke. Mvuke nikauacha umefunguka. Nikaishusha pasi taratibu. Ikakohoa mara moja, kama mzee anayesafisha koo, ikatema. Nilipoinua palikuwa na doa la kahawia, ukubwa wa kichwa cha pini, katikati ya tumbo la gauni. Nikalifuta. Likawa ukubwa wa kifungo. Usiku ule nilifumua kiuno, nikakata paneli mpya kwenye kitambaa kilichobaki, na namshukuru Mungu kilibaki.

Kwa miaka niliilaani pasi ile. Baadaye nilipoelewa inavyofanya kazi, nikaona lawama tunagawana. Maji yalikuwa yamekaa tumboni mwake wiki kadhaa. Tena nilidai mvuke kwenye joto lisiloweza kuutoa. Zile doti mnazijua: moja ni nyuzi 110 hivi za Selsiasi, mbili ni kama 150, tatu ni kama 200. Maji yanachemka kwa 100. Kwenye doti moja bamba limezidi kuchemka kidogo tu. Tone la kwanza likidondoka linaiba joto lililopo, tone la pili linakuta bamba limepoa, linatoka jinsi lilivyo, ni maji, na limebeba uchafu wote wa tumboni. Ndiyo maana pasi nyingi huanzia alama ya mvuke kwenye doti mbili kwenda juu. Ile alama haikuwekwa kwa mapambo.

Nivumilieni kidogo kwenye hesabu, maana hesabu hii ndiyo itakayowaambia wati ngapi mnazihitaji, na wauzaji wengi hawaijui. Kugeuza gramu moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula jouli 2,260 hivi. Pasi ikitoa gramu 20 za mvuke kwa dakika, hizo ni jouli 45,200 kwa dakika, na wati moja ni jouli moja kwa sekunde, yaani karibu wati 750 zinazokwenda kwenye mvuke peke yake, hata hatujahesabu kuyapasha maji kutoka baridi. Sasa chukua pasi ya wati 1,000. Mvuke umechukua robo tatu na zaidi, bamba limebakiziwa makombo. Linapoa mkononi mwako, unashangaa mbona mikunjo haiondoki, halafu linaanza kutema. Pasi hiyo hiyo ukiifunga maji ni pasi nzuri kabisa, wati 1,000 zote ni za bamba, na bamba halihitaji zaidi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "wati ngapi?" namuuliza "unataka mvuke?" Akisema anashona sufu na kitani kizito, mvuke ni wa lazima, sufu haikubali umbo bila unyevu; huyo atafute wati 2,000 na zaidi. Akisema anaunga pamba na kugandisha gamstifu, kile kitambaa chenye gundi kinachoikaza kola, namwambia wati 1,000 hadi 1,200 zinamtosha, pesa iliyobaki anunue mkasi mzuri.

Wati nyingi zina deni lake ukutani pia. Pasi ya wati 2,400 kwenye umeme wa volti 240 inavuta ampea 10. Waya mwembamba wa kuongezea, ambao tena umekunjwa kama kamba chini ya meza, unapata moto kabla pasi haijapata. Gusa plagi yako baada ya nusu saa ya kazi. Ikiwa imechemka, acha. Na kama taa ya cherehani inafifia kila pasi inapowaka, umeshaambiwa.

Mimi mwenyewe siku hizi nafanya kazi nyingi na pasi kavu. Ninapotaka unyevu, nina kichupa cha kunyunyizia na kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. Nanyunyizia kitambaa, nakilaza juu ya mshono, nashusha pasi juu yake. Mvuke unatokea palepale ninapoutaka, kwa kiasi ninachokitaka, na kama kuna uchafu unaishia kwenye kitambaa. Kwa hariri natumia kipande cha ogandi ya hariri, maana kinaonyesha kilicho chini na kinavumilia joto. Najua ni ushamba. Lakini tangu siku ya lile gauni sijatemewa tena.

Kuna jambo jingine la matundu ambalo halisemwi, nalo linawahusu wote mnaoshona mashati. Umewahi kuona kola iliyokuwa nzuri siku ya kwanza, ikafuliwa mara mbili, ikaanza kutoa malengelenge? Wengi wanasema gamstifu ni mbovu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini geuza pasi yako uangalie bamba. Kila tundu ni mahali pasipo na chuma. Unapoishusha na kuiacha palepale sekunde 10 au 15, gundi iliyo chini ya chuma imeyeyuka na kushika, iliyo chini ya tundu haijapata mgandamizo, imepashwa tu. Ukiinua na kusogea hatua nzima, umeacha vidoa visivyoshika, vimejipanga kwa mpangilio wa matundu yako. Maji ya kwanza ya sabuni yanavikuta. Dawa yake ni kusogeza pasi nusu ya upana wake kila mara, ili palipokuwa na tundu pakanyagwe na chuma. Na usiteleze, gundi ikiwa laini kitambaa kinahama. Halafu acha kola ipoe hapohapo mezani kabla hujaiinua. Gundi inashika ikipoa. Haraka yetu ndiyo inayotoa malengelenge.

Kwa sababu hiyo pasi ninayoipenda kwa gamstifu haina matundu hata moja. Zipo, zinaitwa pasi kavu, na mara nyingi zinawekwa rafu ya chini kabisa, maana wauzaji wanaona aibu nazo.

Bamba lenyewe ni la nini? Kuna chuma cha pua, kuna seramiki, kuna alumini, kuna lile lililopakwa dawa ya kuzuia kunata. Sitakaa hapa sana. La kupakwa linapendeza miezi ya mwanzo, halinati gundi, lakini sisi ni watu wa pini na zipu. Mkwaruzo mmoja ukipita, rangi inaanza kubanduka na pale palipobanduka panashika kila uzi. Seramiki inapasha sawasawa, ila ukiiangusha inaweza kubanduka vipande. Mimi nachukua chuma cha pua. Kinakwaruzika, ndiyo, lakini kinavumilia kusafishwa. Gundi ikinata, pasha pasi, tandaza taulo kuukuu lenye unyevu, ipitishe pasi mara kadhaa, hapa ruksa kuteleza. Msiguse steliwaya. Na pini zenye vichwa vya plastiki ziondoeni kabla pasi haijafika, zikiyeyuka mtakwangua wiki nzima. Za vichwa vya kioo haziyeyuki, lakini nazo zinaacha alama kwenye kitambaa, kwa hiyo ondoa tu.

Joto kukaa mahali pamoja ni jambo kubwa kuliko bamba. Ndani ya pasi kuna themostati. Ile ya kawaida ni vibati viwili vya metali tofauti vilivyobanwa pamoja. Vikipata moto kimoja kinatanuka kuliko mwenzake, kibati kizima kinapinda, kinakata umeme. Vikipoa vinanyooka, umeme unarudi, taa ndogo inawaka. Kwa hiyo pasi yako haikai kwenye nyuzi 150 hata siku moja; inapanda na kushuka kuzunguka hapo. Pasi nzuri inapanda kidogo na kushuka kidogo. Mbovu inayumba kama mlevi.

Na mara ya kwanza inapowaka ndiyo inayozidi kuliko zote, kwa sababu umeme ukikatika joto lililo kwenye waya wa ndani bado linasafiri kuja kwenye bamba. Taa ikizimika, wengi tunaikimbilia: imeshapata moto! Hapo ndipo tunapounguza nailoni. Iache izime, iwake, izime mara ya pili, ndipo ushike kazi. Mkitaka kuijua tabia ya pasi yenu, chukueni pamba nyeupe msiyoijali, kateni vipande kumi vilivyo sawa, wekeni doti tatu, kandamizeni kila kimoja kwa sekunde kumi mkifuatanisha bila kupumzika. Vipangeni kwenye mwanga wa dirisha. Kama cha tatu kina unjano na cha nane bado kina mkunjo, mmeshaijua. Pasi hiyo ipelekeni kwenye mashuka.

Dada mmoja aliniuliza mlangoni kuhusu pasi zinazojizima. Nasikia manung'uniko ya watu wa mifarishi, na nawaelewa. Pasi nyingi za aina hiyo huzima baada ya dakika nane hivi zikisimama, na sekunde thelathini zikilala. Unashona vipande vyako kwa mnyororo, kimoja baada ya kingine bila kukata uzi, dakika kumi, unarudi, pasi baridi. Unaitikisa iamke, unasubiri, unatukana kimoyomoyo. Zipo ambazo unaweza kuiondoa hiyo kazi kwa kitufe, au kuchagua muda mrefu zaidi. Lakini mimi naibakiza. Kichwa changu kikiwa kwenye mshono, hata mlango ukigongwa sisikii. Ninachofanya ni kupanga kazi kwa mafungu, fungu la dakika sita au saba, halafu pasi.

Waya uwe mrefu wa kutosha na uzunguke kwenye shina lake, usije ukavuta kitambaa nyuma yako unapofanya kazi. Wanaotumia mkono wa kushoto waangalie unatokea upande gani. Basi, sina zaidi kwenye waya.

Ila siwezi kuondoka bila kuutaja ubao, kwa sababu pasi bora juu ya ubao mbaya ni kazi bure. Mwaka 1892 Sarah Boone, fundi wa magauni aliyezaliwa utumwani huko North Carolina na baadaye akahamia New Haven, alipata hataza ya ubao wa pasi ulioboreshwa: mwembamba, wenye kupinda, unaogeuzwa, ili mikono na viwiliwili vya nguo za kike vipigwe pasi bila kuacha alama za kingo. Tena fundi! Yeye na Potts walikuwa watu wa kazi, hawakukaa wakabuni ofisini. Ubao wake ulikuwa wa vitu vyenye mviringo. Anayeunga vipande vya mfarishi anahitaji kinyume chake: meza pana, ngumu, tambarare, iliyofunikwa blanketi la sufu moja na pamba ngumu juu. Ubao laini wenye sponji nene unazama chini ya pasi, kipande kinazama nayo, kinavutika kingo. Watu wawili wanaweza kuwa na pasi moja na wakapata matokeo tofauti kwa sababu ya sponji tu.

Na tafuteni kipande cha mbao ngumu, kilichosuguliwa, kisicho na rangi wala vanishi, kinachojaa kiganja. Ukiinua pasi kwenye mshono mnene, weka mbao juu, egemea, hesabu mpaka kumi. Mbao inanyonya unyevu na kuzuia joto lisitoroke haraka, mshono unapoa ukiwa umelala. Hakuna pasi inayoweza kufanya hivyo, maana pasi haiwezi kupoza. Mshono wa koti ukiukandamiza hivi unakuwa bapa kama karatasi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali niliyoyaona kwenye karatasi nayajibu kwa mkato.

Pasi isiyo na waya: nzuri kwa anayekandamiza kidogo na kuirudisha kwenye kiti chake kila mara, maana joto lake linaanza kushuka unapoinyanyua. Kwa mfarishi inaingiliana vizuri na mwendo wa kazi. Kwa gamstifu ya koti zima, hapana.

Mashine ya mvuke ya kusimama, ile yenye bomba: inaning'iniza nguo iliyokwisha, ikatoa mikunjo. Haina mgandamizo. Si chombo cha kushonea.

Pasi yenye tangi kubwa pembeni: hiyo ni ya mwenye karakana. Inatoa mvuke mkavu kuliko hizi zetu, kwa sababu maji yanachemkia mahali pengine. Kama unashona sufu kila siku, nenda kaiangalie. Kama ni mara moja kwa mwezi, itakujazia meza.

Maji gani: soma kijitabu kilichokuja na pasi, kabla hujanisikiliza mimi wala jirani. Baadhi ya watengenezaji wanataka maji ya bomba, wengine wanataka uchanganye nusu kwa nusu na yaliyotoneshwa pale maji yenye chumvi nyingi yanapoacha ukoko mweupe. Wanga na manukato msitie tumboni mwa pasi. Na mkimaliza kazi mwageni maji pasi ikiwa bado na uvuguvugu, ili tumbo likauke lenyewe. Ningelifanya hilo miaka ile, doa langu pengine lingekuwa jeupe.

Pale mezani kwenye kona nimeleta pasi tatu. Moja ni kavu, nzito, haina tundu. Moja ni ya mvuke, wati 2,400. Ya tatu ni ile iliyonitemea. Nimeihifadhi, na bado inawaka. Kuna vipande vya pamba na pembe za kola, njooni mjaribu, mshike uzito, mpime ncha. Anzeni na ile kavu. Soketi ni moja tu na waya wa kuongezea nimekataa, kwa hiyo tutachomeka moja moja.